Tulipaka Rangi Juu ya Ufa

Mwanangu Nasra,

Salamu tulipeana asubuhi, mchana tukakorofishana, kwa hiyo barua hii inaingia ndani bila hodi. Umetoka na shangazi yako kwenda Kariakoo kutafuta begi la safari. Nawajua nyie wawili: mtaingia maduka kumi, mtabishana bei kote, halafu mtarudi na begi la duka la kwanza. Nina muda wa kutosha. Habari za sweta, dawa na kumpigia bibi yako simu kila Ijumaa, shangazi yako keshakuandikia karatasi nzima, mimi simo. Nataka kukueleza kwa nini mchana nilisukuma sahani ya wali nikaondoka mezani.

Ulikuwa unasema kwa furaha, mdomo umejaa samaki: "Mama, mgeni rasmi keshapatikana. Uzinduzi ni mwanzoni mwa mwezi wa saba." Nikakuuliza mtambo umefika wapi. Ukasema mabomba ya mvuke bado yanachomelewa, majaribio hayajaanza, lakini tarehe imeshatoka, "tutakimbizana nayo hivyo hivyo." Halafu ukacheka. Wewe, mhandisi kiongozi wa mradi, unakwenda Mwanza kutengeneza mtambo wa kukausha dagaa kwa mvuke, mtambo ambao hapa nchini haujawahi kutengenezwa na mtu, unapangiwa siku ya kukata utepe kabla hujajua kama utafanya kazi, na unacheka.

Nilikasirika, Nasra, na mpaka sasa ninapoandika sijapoa. Lakini si haki hasira yote ikuangukie wewe. Umeipata kama mtu anayejipitia zake chini ya dirisha, akamwagiwa maji. Yenyewe ilikuwa inangoja humu ndani tangu uko darasa la saba.

Unaujua mradi wangu wa tui. Umekua unaiona picha ya sebuleni, mimi na mkasi, mkurugenzi pembeni, mtambo wa bluu unang'aa nyuma yetu. Na unajua kwamba siku chache baadaye kulitokea ajali, mama mmoja akaungua. Uliponiuliza wakati ule nilikujibu kwamba fundi alichomelea vibaya. Nilikudanganya. Nilimdanganya na baba yako, Mungu amrehemu, akafa anaamini hivyo hivyo. Sasa kaa chini nikuambie ilivyokuwa, na ukitaka kunichukia baada ya hapo, chukia ukiwa na habari kamili.

Nianze na utamu, maana upo, na sitaki ufikiri nakukataza kazi. Kiwanda chetu kilitaka kuuza tui la pakiti. Mitambo ya nje ilikuwa haikamatiki kwa bei, mkurugenzi akasema tutengeneze wenyewe, nikapewa mimi niongoze utafiti. Nilipewa karakana inayovuja, vijana wawili wenye shahada mpya ambao walijua kila kitu isipokuwa kushika spana, na ruhusa ya kumtafuta fundi mmoja wa kuchomelea. Nikaenda mtaa wa Gerezani, kwenye karakana za mafundi chuma, nikampata Fundi Shomari. Elimu yake darasa la saba. Mchoro wangu aliuangalia, akaugeuza, akaugeuza tena, kisha akaniambia, "Mhandisi, hiki kitu hakina mlango wa mkono wangu kuingia. Nitakifungaje kwa ndani?" Wiki tatu nilikuwa nauchora mchoro ule, na sikuwahi kuliona hilo.

Tukatengeneza sufuria kubwa la kuta mbili, mvuke unapita katikati ya kuta, tui linapata moto ndani. Tukajaribu. Tui likakatika, mafuta juu, maji chini, mabonge katikati. Tukabadilisha joto, likakatika. Tukabadilisha presha, likakatika. Mara kumi na moja. Nilikuwa na shahada mbili na nazi imenishinda. Nilikuwa naondoka kazini nashindwa hata kumtazama mlinzi wa getini, nikiona naye anajua.

Sasa pale karakana kulikuwa na mama mmoja wa kukuna nazi, Mwanaidi, mtu wa Mkuranga. Alikuwa anauona kule kushindwa kwetu, amenyamaza. Mara ya kumi na moja akasogea, akasema, "Samahani mhandisi. Nyie mnalichemsha tui kama mnafua mashuka. Tui haliachiwi mkono." Mimi, mtoto wa pwani, niliyelelewa jikoni kwa bibi yako, niliyechapwa mwiko kwa kuacha kukoroga tui la samaki, nimeingia kwenye karakana nikayaacha yote hayo nje ya mlango kana kwamba si elimu. Tukaweka pangaboi la mbao likoroge polepole bila kusimama. Mara ya kumi na mbili tui likatoka jeupe, zito, limetulia. Fundi Shomari akachovya kidole, akafikiri, akasema, "Hili la wali." Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia mbele ya watu. Utaipata siku kama hiyo, mwanangu, na utaona mshahara ni kitu kidogo. Nakuombea uipate.

Lakini nchi hii, Nasra, ina watu wanaopenda utafiti kama wanavyopenda mpira, wanataka goli tu. Hakuna siku mkurugenzi aliniuliza "mmejifunza nini?" Kila siku ni "lini?" Kwenye kikao cha wakuu wa idara nilikuwa mwanamke peke yangu, na kila chai ikija macho yote yananigeukia mimi niimimine. Miezi ya kwanza nilimimina. Baadaye nikaanza kuja na chupa yangu ya maji, naifungua, nakunywa, nawaangalia. Ofisi ya manunuzi nayo, niliomba geji nzuri ya presha, nikazungushwa mpaka nikaenda mwenyewe Kariakoo. Nikanunua tatu kutoka duka moja, nikazifunga kwenye bomba moja, zikasoma presha tatu tofauti. Nikazirudisha. Mwenye duka akaniambia, "Dada, si uchague inayokupendeza?" Nilimfokea mpaka jirani zake wakatoka. Leo naona aibu, maana mwezi mmoja baadaye na mimi nilichagua inayonipendeza.

Fundi Shomari alikuwa na utaratibu wake. Akimaliza kuchomelea, anapita na nyundo ndogo anagonga mshono wote na kusikiliza. Pale asipoparidhia anachora duara kwa chaki nyeupe. Na duara hilo hafuti mtu mwingine, anafuta yeye mwenyewe baada ya kuurudia mshono na kuupima kwa maji. Unajua upimaji wa maji: unajaza maji baridi, unapandisha presha kwa pampu ya mkono, unangoja. Maji yakivuja yatakulowesha nguo. Mvuke ukivuja unakuchuna ngozi. Mara ya kwanza niliudharau utaratibu ule, nikaona ni ushirikina wa mafundi. Nilipoona hakosei, nikauandika kwenye kanuni za karakana, nikaweka na sahihi yangu.

Kisha tarehe ikatoka, kama yako. Mkurugenzi alikuwa kwenye hafla fulani, akajisifu, mkubwa mmoja akasema nitakuja kuzindua mwenyewe, basi. Kadi zikachapwa. Maturubai yakakodiwa, viti, muziki, ngoma. Kiwanda kilichokataa kuninunulia geji kikanunua mapazia ya kufunika ukuta wenye fangasi. Siku tano kabla, Fundi Shomari akapatwa na msiba wa kaka yake, akaenda kuzika Rufiji. Aliacha duara moja la chaki kwenye mshono wa chini, karibu na pale mvuke unapoingia. Akaniambia kabla ya kuondoka, "Pale pana ufa mwembamba kama unywele. Nikirudi tuufungue, tuurudie, tuupime siku mbili." Nikamjibu nenda salama fundi, tutakungoja.

Siku mbili zilikuwa hazipo. Wapaka rangi walikuja asubuhi yake, rangi ya bluu ya kiwanda. Kijana mmoja akafika kwenye duara, akasimama, akaniita: "Mhandisi, hapa pamechorwa, tupaache?" Nilikuwa nimesimama pale pale, duara nimeliona kwa macho yangu. Nikasema, "Pakeni."

Neno moja, Nasra. Sikulazimishwa na mtu. Mkurugenzi hakuwepo. Ningekuwa na woga wa kufukuzwa labda ningejihurumia, lakini sikuwa na woga huo. Nilikuwa na gauni jipya liko kwa fundi cherehani. Nilikuwa nimeambiwa magazeti yatakuja kumpiga picha mhandisi mwanamke. Kila mtoto wa shule anaijua methali ya ufa na ukuta. Sisi hatukuuziba ufa wala hatukujenga ukuta, tulipaka rangi.

Asubuhi ya uzinduzi Fundi Shomari akarudi, bado ana vumbi la safari. Akauzunguka mtambo. Akaniuliza kwa adabu, mbele ya vijana, "Mhandisi, duara langu liko wapi?" Nikamwambia tumeshaupima, uko sawa. Akaniangalia kidogo, akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kuvaa shati safi.

Uzinduzi ulifana. Tuliuwasha mtambo kwa presha ndogo, dakika chache tu, mgeni rasmi akaonja tui kwa kijiko, akasema litamfaa kwenye ndizi, watu wakapiga makofi. Siku ya nne, katika kazi ya kawaida, presha ikapandishwa. Mwanaidi ndiye alikuwa amesimama pale, maana baada ya kutufundisha kukoroga tulimfanya mwendeshaji, tukaona tumempa heshima. Mshono ukafunguka pale pale palipokuwa na duara. Mvuke ukampata mkono, bega na shingo.

Nilimtembelea hospitali mara moja tu. Alikuwa amefungwa bandeji mpaka kidevuni. Unajua aliniambia nini? "Nisamehe mhandisi, labda niligusa vibaya." Anaomba radhi yeye. Nilishika ukingo wa kitanda chake nikamwambia apumzike, asifikirie kazi. Sikurudi tena, nilikuwa namtumia salamu na matunda kupitia watu.

Ripoti ya ajali niliandika mimi. Mkurugenzi aliniita ofisini, akafunga mlango, akazungumza kwa upole kabisa. "Zuhura, lazima awepo mtu wa kuwajibika. Ukiwajibika wewe, mradi unakufa. Akiwajibika fundi, mradi unaendelea, na kina mama wa tui watapata ajira." Ona jinsi uovu unavyokuja umevaa kanzu. Nikaandika: mshono haukuchomelewa kwa kiwango, fundi hakutoa taarifa. Hakutoa taarifa! Mtu aliyechora duara kubwa kama sahani. Nikatia sahihi. Fundi Shomari akafukuzwa wiki ile, na mimi mwaka uliofuata nikapandishwa cheo. Mradi nao ulikufa vilevile. Ule mtambo haukuwashwa tena, ukauzwa chuma chakavu, na tui la pakiti unalolinunua dukani leo ni la watu wengine.

Wanasema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mimi nilimnyonga na haki yake nikabaki nayo. Miaka kumi na minne. Yule mzee anayeuza viatu vya mitumba pale Mchikichini, unayempita ukimwamkia, anakuitikia marahaba mwanangu na kukuuliza habari za kazi, unaponishangaa kwa nini mimi napita upande wa pili wa barabara, ndiye Fundi Shomari. Hajashika mashine ya kuchomelea tangu siku ile. Hakuna karakana ya Gerezani iliyomtaka.

Nilipoondoka mezani leo ulidhani nimeingia chumbani kulala. Nilivaa baibui nikaenda Mchikichini. Nimemkuta amekaa kwenye kigoda, anapiga brashi kiatu cha kike. Nikamwamkia, akaitikia, akadhani nataka kununua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, wateja wanapita katikati yetu, mmoja akauliza bei na akajibiwa. Hakuacha kupiga brashi. Nilipomaliza akasema, "Mhandisi, siku ile nilikwangua rangi kwa ukucha nikauona ufa. Nikasema, mhandisi kasema wameupima, basi huu utakuwa wa juujuu. Nilikuamini. Ulipopasuka ndiyo nikajua, nikangoja useme."

Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Radhi nilikupa zamani, maana kinyongo kinachosha. Jina langu ndilo sijarudishiwa. Mpaka leo nikipita Gerezani wananionyeshea kidole, yule aliyemuunguza mwanamke." Alisema bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia alikuwa mimi mwenyewe, nimeshika mkoba wangu.

Sasa wewe. Sikuambii usiongoze mradi, ongoza. Una kichwa cha baba yako na ulimi wangu, vyote vitakufaa. Watakaokushinda si wajinga. Watakuja watu wapole, wenye hoja, wanaokupenda, wanaotaka mradi wako ufanikiwe kuliko unavyotaka wewe. Watakuambia ni siku mbili tu, ni ufa mwembamba tu, ni mgeni rasmi tu. Na kibaya zaidi, siku nyingine hatakuja mtu yeyote, utakuwa wewe na kijana mwenye brashi anakuuliza apake au asipake. Mimi nilishindwa pale, mchana kweupe, nimeshiba.

Ukifika Mwanza, kabla hujafungua hilo begi, nenda kawaambie tarehe ile haipo. Usiseme unaomba isogezwe, ukiomba watakubembeleza. Sema mtambo ukishapimwa kwa maji na mafundi wako wakaridhika, ndipo mtaitafuta tarehe. Watanuna. Mgeni rasmi atakuwa na shughuli nyingine na hatakuja. Labda watakunyang'anya mradi wampe mtu anayecheka. Ikiwa hivyo, rudi nyumbani, kitanda chako kipo, nitakupikia na sitakuuliza swali hata moja. Huko Mwanza kuna watu watasimama mbele ya mabomba yako kila asubuhi na bado hata majina yao huyajui. Wajue majina kabla ya hiyo siku.

Radhi zangu unazo zote, sijabakiza. Nenda nazo.

Jambo la mwisho utalikuta kesho na litakuuma. Uwanja wa ndege atakupeleka shangazi yako, mimi sitakuwepo. Nimeandika ripoti nyingine ya ajali ile, kurasa nne, na kesho saa mbili asubuhi ofisi ya kiwanda ikifunguliwa nitakuwa getini pamoja na Fundi Shomari. Amekubali kuja, kasema atafunga meza yake. Nitaisoma kwa sauti mbele yake na mbele ya yeyote atakayekuwa amekaa kwenye kile kiti cha mkurugenzi, nitaiacha pale, nakala nitaipeleka Gerezani karakana kwa karakana, kisha Jumamosi nitaenda Mkuranga kwa Mwanaidi. Watakachonifanya wanifanye.

Najua utasema, mama, si ungengoja siku moja tu, unisindikize kwanza. Mwanangu, miaka yote kumi na minne nilikuwa nangoja siku moja tu.

Mama yako,
Zuhura